Sili ya Lori Namba Saba

Saa mbili asubuhi kipimajoto cha getini kilikuwa kimeshuka hadi hasi hamsini na tatu, na fundi Mitrofan alikuwa ameshapita kwenye malori matano. Hakuhitaji tochi. Alipiga goti kwenye theluji iliyoshindiliwa na matairi, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kwanza pampu ndogo inagonga, tik, tik, tik. Kisha feni inapiga mluzi mwembamba. Halafu moto unashika dizeli ndani ya hita, kisanduku cha chuma cha kupashia injini kisichozidi ukubwa wa dumu la lita tano, mngurumo unaanza, na kamoshi keupe kanatoka kwenye kibomba chini ya bampa. Ukishausikia mngurumo huo, ngoja dakika arobaini. Maji ya injini yatakuwa vuguvugu na lori litawaka.

Baba yake alikuwa dereva kabla hita hazijaja. Yeye aliwasha kuni kwenye karai, akalisukuma chini ya injini, akakaa kulilinda lisije likachoma gari zima. Katika maisha yake yote ya kazi alichoma magari mawili, na watu wakamsifu kwa uangalifu wake.

Mitrofan alikuwa na miaka hamsini na minane, na hita kumi na moja za yadi ile alizijua kwa sauti. Ya namba mbili inakohoa. Ya namba tisa inachelewa kushika moto. Ya namba saba, lori la Varlam, ndiyo nzima kuliko zote, maana Varlam huisafisha mwenyewe kila Jumapili kwa mswaki uliochakaa.

"Zima zote," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake.

Alikuwa Rimma Arkadyevna, mkaguzi wa mafuta, aliyefika kutoka mjini jana yake. Alivaa kofia ya manyoya ya mbweha na glavu nyembamba za ngozi, zile ambazo mtu huvaa akijua siku nzima hatagusa chuma. Kando ya mlango wa ofisi gari lake la jipu lilikuwa limefunikwa boneti kwa blanketi zito, na chini ya blanketi hita yake ilikuwa inanguruma tangu alfajiri.

"Zote, Rimma Arkadyevna?"

"Zote kumi na moja. Kabla ya saa tatu ziwe na sili. Tulishalizungumza hili jana."

Hawakulizungumza. Yeye alisoma karatasi na wao wakasikiliza. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: ndani ya kila tangi ofisi iliweka kipimo kinachotuma habari mjini. Kama mafuta yakishuka wakati injini imezimwa, mashine ya mjini inaandika neno moja tu: wizi. Na hita kazi yake ni kuwaka wakati injini imezimwa, na inakunywa kutoka tangi hilohilo. Basi dereva aliyelala njiani na hita yake anaamka akiwa mwizi. Madereva wameieleza ofisi kwa simu, wameieleza kwa barua, mmoja alituma hadi mchoro. Ofisi ikajibu kwa kuleta sili, vifungo vya risasi laini na waya wa chuma ambavyo havifunguki bila kukatwa.

"Na jipu lako nalo?" Mitrofan aliuliza.

"Jipu liko kwenye hesabu za utawala. Halina kipimo."

Alisema hivyo bila hasira wala haya, kama mtu anayekutajia saa. Mitrofan akaenda kuchukua boksi la sili.

Kila dereva alikuwa ametia sahihi. Sili ikikutwa imekatwa, mwenye gari ameiba mafuta. Mwizi hafanyi kazi pale, na asiyefanya kazi pale hakai kwenye nyumba za kampuni. Katika makazi yale hapakuwa na nyumba nyingine zenye bomba la maji ya moto, zote zilikuwa za kampuni, na huu ulikuwa mwezi wa Januari. Varlam alikuwa na mkewe Agafya, mpishi wa kantini ya yadi, na mama mkwe ambaye tangu majani yapukutike hajatoka kitandani. Tena Varlam alishakuwa na onyo moja. Lita tisa, mwezi Desemba, siku alipolala juu ya barafu ya mto akingoja tufani ipite.

Mitrofan alipopanda kwenye namba saba, Varlam alikuwa ameshakaa kwenye usukani, anamalizia chai kwenye kifuniko cha chupa. Juu ya dashibodi aliweka chapati za maji tatu zilizokunjwa kwenye kitambaa. Mbili zake, moja ya mwenye mlima, roho anayelinda njia kule juu.

"Kaka," Varlam akanong'ona, "yangu ilegeze."

"Nilegeze nini?"

"Huo waya. Ufunge uonekane umefungwa. Wewe una mikono ya kishetani, bwana. Utashindwa na kawaya?"

"Anavuta kila sili. Hukumwona alivyoivuta ya Zakhar, kwenye namba nne? Nusura ang'oe dashibodi."

"Basi fanya ujanja."

"Ujanja gani? Nikikamatwa na mimi natupwa nje. Wewe endesha tu, usizime injini. Injini haizimwi, hita ya nini?"

"Injini haizimwi," Varlam akarudia, akacheka. "Haya, mzee. Nikiganda, mabuti yangu mpe mkweo. Yale yake yananiaibisha hata mimi."

"Yamekukosea nini mabuti ya mkwe wangu?"

"Yana mdomo kama wa bata. Juzi nilitaka kuyatupia makombo."

Wakaendelea hivyo kidogo, mpaka kofia ya mbweha ikatokea mlangoni. Mitrofan akapitisha waya kwenye sikio la kisanduku cha swichi ya hita, akausokota mara tatu, akaibana risasi kwa koleo la sili hadi herufi zikatokea. Rimma Arkadyevna akanyoosha mkono, akavuta. Akavuta tena.

"Imara," akasema. "Tia sahihi."

Mitrofan akatia sahihi. Alichohisi wakati ule, na baadaye alikumbuka vizuri sana, kilikuwa nafuu. Namba saba ikatoka saa tatu, imebeba tani kumi na nane za unga wa vijiji vya ng'ambo ya mlima.

Zakhar wa namba nne alichelewa kupakia, akatoka njia hiyohiyo saa tano. Saa saba na nusu Mitrofan alisikia honi. Ilianzia mbali kwenye kona ya mto na haikuachia, ikaja inalia moja kwa moja hadi getini. Watu wakatoka. Agafya alitoka kantini na aproni yake, mikono ina unga, akaona ni lori la Zakhar, akapumua. Halafu akaona kwenye kiti cha pili kuna mtu.

Walimshusha Varlam watu wanne. Mikono ya Varlam, Zakhar alikuwa ameifunga ndani ya kofia yake mwenyewe, na masikio ya Zakhar yamegeuka meupe. Kwenye barabara ya barafu hakuna anayepita gari lililosimama, hilo hata mlevi analijua. Zakhar alikuwa amegeuza lori lenye mzigo kwenye njia isiyozidi upana wa malori mawili, na mwenyewe hajui aliligeuzaje.

Habari ilitoka kwa Varlam kwa vipande, maana midomo yake ilikuwa imechanika na inavuja damu.

Juu ya mlima kuna mti uliofungwa vitambaa, na kila dereva anampa mwenye mlima chakula. Wengi wanarusha dirishani, wanapiga honi, wanaendelea. Varlam alifanya kama alivyofundishwa na baba yake. Anazima gari, anashuka, anaweka chapati chini ya mti, anasimama pale hadi masikio yatulie, kwa sababu huwezi kumkaribisha mwenyeji chakula huku injini yako inampigia kelele. Hita ikiwepo hakuna ubaya, injini inakungoja ikiwa na joto. Kwa miaka ishirini mkono wake umezima gari pale bila kumuuliza mwenyewe. Na leo nao ukazima. Akashuka, akaweka chapati, akasimama. Ndipo akagundua kwamba kimya kilikuwa kimezidi. Chini ya lori hakukuwa na mngurumo.

Alikimbia. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikafa. Dizeli ya yadi mwezi ule kila mtu aliijua, mabaki ya vuli yaliyotiwa mafuta ya taa kidogo, na ndani ya filta ilikuwa imeshaganda kama samli. Akavua glavu afungue filta, maana nati ile haishikiki kwa glavu. Mafuta yakammwagikia mikono yote miwili. Kwenye baridi ile dizeli inayotiririka huwa na ubaridi uleule wa hewa, na inashika nyama papo hapo.

"Na sili mbona hukukata, mpumbavu wewe?" Mitrofan akapiga kelele. "Plaizi si iko mlangoni?"

"Niliitazama, Kaka. Kama robo saa hivi, nimekaa naitazama tu. Namfikiria mama kule kitandani. Nikasema Zakhar yuko nyuma, ngoja nivumilie. Halafu nilipoamua nikate..." Akameza mate. "Plaizi haikai mkononi. Naishika, inaanguka. Naiona kwa macho yangu inaanguka."

Agafya alikuwa ameishika ile kofia yenye mikono ya mumewe kifuani kwake, kama anaweza kuipasha.

Nesi wa makazi alipoifungua kofia aliifunga tena haraka. Zakhar akamuuliza vidole vingapi vitabaki. Nesi akasema wangoje helikopta, wangoje wiki mbili, daktari wa mjini ndiye atakayesema. Zakhar akamuuliza tena. "Dole gumba la kushoto, labda," nesi akajibu.

Varlam akamtafuta Mitrofan kwa macho. "Mabuti simpi tena mkweo," akasema. "Miguu ninayo."

Mitrofan akatoka nje.

Saa tisa jua lilikuwa limeshashuka kwenye miti. Rimma Arkadyevna alimchukua Mitrofan kwenye jipu lake waende kulichukua lori namba saba. Ndani ya jipu kulikuwa na joto kiasi kwamba Mitrofan alifungua vifungo vya koti. Kwa kilomita thelathini na nane Rimma Arkadyevna alimuuliza jambo moja tu, kama barabara inateleza.

Ndani ya lori barafu ilikuwa imeshaota kwenye kioo. Rimma Arkadyevna alitangulia, akawasha taa ya simu, akamulika kisanduku cha swichi ya hita. Sili ilikuwa nzima. Lakini waya ulikuwa umepinda na kukwaruzwa, na juu yake pamekauka damu, na kipande chembamba cha ngozi ya mdomo kimegandia kwenye chuma. Akapiga picha nne.

"Sili nzima," akaiambia simu yake, inayorekodi. "Dalili za kujaribu kuiharibu zipo."

"Hayo ni meno," Mitrofan akasema.

"Ninaona."

"Ni meno ya mtu, mama. Mtu alikuwa anakufa humu."

"Kifungu cha sita. Penye hatari ya uhai dereva anaruhusiwa kukata sili, baada ya kupiga simu ofisini."

"Hapa kuna mtandao? Itazame hiyo simu yako. Angepiga kwa kitu gani?"

"Kwa hiyo hakupiga," akasema, akaandika.

"Na hicho kifungu mbona jana hukukisoma?"

"Karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Mlitia sahihi zote mbili." Akafunga kalamu yake. "Sasa kata, tuwashe gari. Unga unangojewa."

Mitrofan akachukua plaizi mlangoni. Waya ulikatika kwa mbano mmoja, kitendo cha mtu mwenye vidole. Akabonyeza swichi. Tik, tik, tik. Mluzi. Kisha mngurumo, mzito na laini, kwa mguso wa kwanza, hita ya mtu anayeisugua kwa mswaki kila Jumapili.

"Inafanya kazi," Rimma Arkadyevna akasema. "Andika: kifaa kizima, hakina kasoro."

Mitrofan akaandika, maana ilikuwa kweli. Chuki ilimjaa, na sehemu kubwa ya chuki hiyo haikumhusu yule mwanamke. Nani aliyeusokota waya ule mara tatu? Mara mbili zingetosha. Hata kwa meno, mara mbili zingefunguka.

Rimma Arkadyevna akarudi kukaa kwenye jipu. Mitrofan akabadilisha filta kwa glavu na kwa matusi, kisha akasimama dakika arobaini kando ya lori, anaisikiliza hita ikipasha maji. Chini ya mti chapati ilikuwa bado ipo, ngumu kama kigae. Wakati injini ilipowaka alikuwa analia, na machozi yalimgandia kwenye kope ikabidi ayang'oe kwa kidole ndipo aone barabara.

Yadini walifika saa moja usiku. Agafya alikuwa amerudi jikoni kwa sababu madereva walipaswa kula, na hakuna mwingine wa kupika. Rimma Arkadyevna alimfuata hukohuko. Mlango ulikuwa wazi, Mitrofan akasikia yote.

"Nyumba inakwenda na lori namba saba," alikuwa anasema, tena kwa upole. "Dereva mpya anakuja kesho asubuhi kutoka yadi ya pili, ana watoto watatu. Ninyi nimewaombea mkae hadi mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi ni siku kumi na moja," Agafya akasema.

"Ndiyo."

"Na mama yangu hatembei."

"Nimeandika hilo pia."

Kijiko kikubwa kikaanguka sakafuni. Agafya akakiokota, akakisuuza, akaendelea kukoroga.

Rimma Arkadyevna alipotoka alimpa Mitrofan sili moja na kipande cha waya. "Namba saba inaondoka kesho saa mbili asubuhi. Ifunge tena. Na zile nyingine kumi nitazipitia kabla sijaondoka, malori yote yameshaingia."

Mitrofan alitamani kumrushia koleo usoni. Alitamani kuliweka chini, aende nyumbani kwake, avue mabuti, asirudi. Badala yake akapanda ndani ya namba saba, kwa sababu naye nyumba yake ilikuwa ya kampuni.

Akaketi kwenye kiti cha Varlam. Kwa mara ya kwanza alikitazama kile kisanduku cha swichi sawasawa. Kina sikio dogo la bati ambamo waya unapita ili kifuniko kisifunguke, na nyuma ya sikio kuna kishikizo kilichounganishwa na dashibodi yenyewe. Akaupitisha waya nyuma ya sikio badala ya ndani yake, akauzungusha kwenye kishikizo, akausokota mara tatu, akaibana risasi. Akavuta kwa nguvu zake zote. Dashibodi ikatikisika, waya haukusogea. Na kifuniko cha swichi kilikuwa huru kabisa. Kipimo cha tangi kingeandika wizi uleule, lakini mwenye kuandikwa angebaki na vidole.

Akaweka mikono yote miwili mgongoni. Akainama, akakamata ukingo wa kifuniko kwa meno, akakifungua. Akabonyeza swichi kwa kidevu. Tik, tik, tik.

Akazima. Ilikuwa imemchukua dakika mbili, labda pungufu. Asubuhi alikuwa nazo dakika mbili, tena zaidi. Alizitumia kubishana juu ya mabuti.

Halafu akaenda kwenye boksi, akachukua sili nyingine kumi. Alipita lori kwa lori, akakata zile za asubuhi, akaziweka mfukoni, akafunga mpya, na kila lori aliinama mikono mgongoni akajaribu kwa meno kabla hajashuka. Zakhar alimkuta ndani ya namba nne amening'inia kwenye dashibodi kama anayekula.

"Una nini, Kaka?"

"Njoo utazame," Mitrofan akasema. "Kisha ufunge mdomo wako."

Zakhar akatazama. Hakucheka wala hakushukuru. Aliuliza jambo moja tu.

"Hii uliijua lini?"

Mitrofan akashuka, akaenda kwenye lori lililofuata.

Rimma Arkadyevna alikuja na tochi na daftari. Alipanda kila lori, akavuta kila waya mara mbili, akashuka. Nje jipu lake lilikuwa linanguruma, tayari kwa safari ya mjini. La mwisho lilikuwa namba saba. Akavuta, akavuta tena, dashibodi ikatikisika.

"Imara," akasema. "Hii ndiyo kazi nzuri, fundi. Tia sahihi."

Mitrofan akatia sahihi mara kumi na moja. Mdomoni alikuwa bado na ladha ya bati.